Somo la Kwanza la Kukimbiza Treni, Bonde la Mkondoa

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hakufika, mwakilishi wake ambaye naye ametuma mwakilishi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mnaweza kukaa. Wale ambao hawakusimama nimewaona.

Mshereheshaji amesoma jina langu akaruka vyeo, kwa hiyo nitavisoma mwenyewe. Mimi ni Bingwa, Mlezi na Mwenyekiti wa Kudumu wa taaluma ya kukimbiza na kupiga picha treni zipitazo kandokando ya mito, Kanda ya Afrika Mashariki na Kati. Vyeo hivi sikupewa na mtu. Cheo ulichopewa na watu, watu hao hao wanaweza kukuvua. Ulichojivika mwenyewe kinadumu. Kuna bwana pale nyuma anauliza taaluma hii inafundishwa chuo gani. Namjibu kwa swali: mtu wa kwanza kufungua chuo alisoma chuo gani? Akipata jibu aniletee kwa maandishi.

Mtu wa kawaida akiona treni hupunga mkono, akarudi kwenye palizi lake. Hilo ndilo tatizo la taifa. Wenzetu wa Ulaya na Marekani, watu wazima wenye wake na mikopo ya nyumba, huamka alfajiri wakaifukuza treni kwa gari kutoka daraja hadi daraja, na hakuna ndugu anayewaitia mganga. Mchoraji Mwingereza Turner mwaka 1844 alionyesha mchoro wa treni ikivuka mto Thames kwenye daraja la Maidenhead, mvua na moshi vimeshikana, na mbele ya treni kuna sungura mdogo anayekimbia kuokoa roho. Unasifiwa mpaka leo. Sawa. Lakini Turner alimchora yule sungura kwa brashi, pale alipotaka. Mimi sungura wangu lazima aje mwenyewe, kwa miguu yake, na kwa wakati.

Wengine watanitajia ndugu Lumière wa Ufaransa, waliopiga filamu ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat. Ndugu zangu, treni inayoingia stesheni ni treni inayosimama. Kupiga picha kitu kinachosimama ni kazi ya watu wa pasipoti. Na Mmarekani O. Winston Link, aliyezipiga picha treni za mwisho za moshi za reli ya Norfolk and Western kati ya 1955 na 1960, usiku, kwa balbu nyingi zilizowaka kwa pamoja hata mto na mabonde yakaonekana kama mchana? Namheshimu. Alikuwa na nyaya, betri na wasaidizi. Mimi nina tochi ya simu. Tungekuwa na vifaa sawa, leo mngekuwa mnasikia habari zake kutoka kwangu kwa sauti ya huruma.

Sasa jiografia. Andikeni.

Mto tunaouzungumzia ni Mkondoa. Maji yake huanzia nyanda kavu za Dodoma yakiitwa Kinyasungwe, yakashuka kupitia Gulwe, yakajipenyeza katika milima ya Usagara kwa Godegode na Kidete, yakatokea Kilosa yakiwa na hasira. Kutoka hapo huungana na mengine kuwa Wami, na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Katika milima yote ile hakuna mlango mwingine mzuri kama huo, na wapagazi waliokuwa wakitoka Bagamoyo na mizigo mabegani waliujua kabla ya mtu yeyote kuwa na ramani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliongozwa humo mwaka 1857. Mwandishi wa habari Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone, akaandika jina la mto kwa namna ambayo mwenyeji wa Kilosa leo asingeitika. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, walipofika hapo nao walifuata nyayo za wapagazi. Wakaingiza reli yao ya upana wa mita moja ndani ya bonde lile lile, ubavuni mwa mto, wakaandika kwenye vitabu vyao kwamba wao ndio walioitafuta njia.

Kosa lao lilikuwa moja. Mto haukualikwa kwenye kikao cha wadau.

Hapa naomba simu zizimwe, maana ndipo wanafunzi wangu wengi hupotea. Mkondoa hubeba mchanga. Juu kule Mpwapwa na Kongwa miti imekatwa, mifugo imekanyaga, udongo umebaki uchi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, kilima chote huamua kuhamia Kilosa. Mchanga ukitua, kitanda cha mto hunyanyuka. Kitanda kikinyanyuka, nafasi chini ya daraja hupungua. Maji yakikosa pa kupita hutafuta pengine, na pengine pa karibu kabisa huwa ni tuta la reli. Yakishalimega, reli hubaki zinaning'inia hewani na mataruma yake. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe kiasi kwamba treni za Reli ya Kati zilisimama kwa miezi. Kilosa maelfu ya watu walipoteza makazi. Wajapani kupitia shirika lao la JICA wamekuja kupima, kuchora na kushauri namna ya kuuzuia mto huu usiile reli. Mimi sikushirikishwa. Nasema tu.

Kutokana na hayo nimetunga Kanuni ya Kwanza ya Bingwa, ambayo nawaomba mwiandike kwa wino wa rangi nyingine. Picha kamili ya treni ya mtoni lazima iwe na vitu viwili: treni, na mto. Ila masika mto upo, treni haipo. Kiangazi treni ipo, mto haupo. Kuna mchanga mweupe mpana, na katikati yake kijito ambacho ng'ombe wawili wanaweza kukimaliza. Maulana ameitenganisha picha hii katika misimu miwili, na ndiyo maana inahitaji bingwa. Fundi wa mtaani angeshakata tamaa. Mimi nimesubiri miaka mingi, na nimejenga jina katika kusubiri.

Jua nalo lina mambo. Kilosa iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana husimama utosini kabisa. Siku hizo saa sita treni haina uso wala ubavu, ina paa tu. Asubuhi jua hutoka upande wa Dar es Salaam. Treni inayokuja kutoka Dodoma hulielekea, uso wake ukang'aa, na dereva akakunja macho. Treni inayokwenda Kigoma asubuhi hulipa jua kisogo, na kila unachopata ni kichwa cheusi chenye taa. Nimewahi kuwaeleza wahusika kwamba treni zote za asubuhi zije kutoka Dodoma na zote za jioni ziende Kigoma. Walinisikiliza kwa adabu. Mpaka leo mizigo hupelekwa huko inakotakiwa badala ya kupelekwa kunakopendeza.

Basi niwasimulie siku moja ya kazi, ili mwone nadharia ikitembea kwa miguu.

Nilianzia Kilosa kabla ya alfajiri na kijana wangu wa bodaboda. Nilikuwa na kamera, stendi ya miguu mitatu ya kuisimamishia, kofia, daftari, na barua ya utambulisho. Barua hiyo niliiandika mwenyewe, nikaisaini, nikaigongea mhuri. Ofisa mmoja wa stesheni ndogo ya bondeni aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma, akaniuliza, "Mzee, huyu aliyekuidhinisha ni nani?" Nikamwambia ni mtu ninayemwamini. Akaniambia nisimame mbali na njia, nisikanyage tuta, na nisithubutu kupanda darajani. Nilichukua maelekezo hayo kama heshima kwa cheo changu. Na hapa niweke utani pembeni kwa dakika moja, maana hata bingwa ana dakika moja: kutembea kwenye reli ni kosa kisheria, na treni ya mizigo iliyoshiba haisimami kwa sababu wewe umepiga kelele. Inahitaji mamia ya mita kusimama. Dereva wake hana usukani. Anayo honi na breki, na vyote viwili vikianza kulia kwa ajili yako ujue umechelewa. Dakika imekwisha.

Treni ya abiria ilitakiwa kupita asubuhi. Wakosoaji husema ilichelewa. Haikuchelewa hata kidogo. Jua ndilo liliwahi. Nilikuwa nimekokotoa kila kitu: pembe, kivuli, umbali, mahali ambapo behewa la tatu lingekuwa linaakisi ukingo wa mchanga. Jua likapanda bila kunisubiri, na treni ikabaki huko ilikokuwa ikifanya mambo yake.

Katika kusubiri huko nikafanya ugunduzi mkubwa kuliko yote ya maisha yangu, na ninyi ndio wa kwanza kuusikia rasmi. Stesheni ile ina akina mama wauza machungwa, miwa, mayai ya kuchemsha na mahindi. Walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakisukana. Ratiba ilisema treni ifike, wakaendelea kusukana. Honi haikusikika, wakaendelea. Halafu ghafla, bila mtu kuwaambia kitu ninachokijua mimi, wakasimama wote, wakajitwisha mabeseni, wakajipanga kando ya njia kila mmoja mahali pake. Muda kidogo baadaye treni ikatokea kwenye kona.

Hitimisho la kisayansi ni dhahiri. Treni husababishwa na wauza machungwa. Wakisimama, huja. Wakikaa, haiji. Nimeiita Nadharia ya Beseni. Kijana wangu wa bodaboda, ambaye elimu yake ni ya kawaida, alijaribu kuniambia kwamba stesheni hupigiana simu treni inapotoka stesheni ya nyuma, kwamba mtoto wa mama mmoja hukaa karibu na dirisha la ofisi akisikiliza, na kwamba kule kwenye kona mbwa wa watu wa genge la kutengeneza njia hubweka kabla binadamu hajasikia kitu. Nilimsikiliza. Kisha nikamweleza kwa upole kwamba mbwa si chombo cha kupimia.

Nilimwomba mama mmoja asimame tena ili nipate treni ya pili. Akanijibu, "Baba, nunua machungwa kwanza." Nikanunua. Akakaa. Utafiti wa kina unahitaji fedha, na hilo nitalirudia mwishoni.

Treni ile ya kwanza kwa hakika ilisimama pale stesheni, na kwa msimamo wangu niliokwisha kuueleza kuhusu Lumière, sikuipiga picha. Niliigeuzia mgongo. Mlitegemea nini? Niliruka juu ya pikipiki nikamwamuru kijana aende tuikabili mbele, kwenye daraja, ikiwa katika mwendo wake. Bonde lile lina kona nyingi, na treni hupunguza mwendo. Pikipiki kwenye ardhi ngumu inaweza kuipita bila taabu. Mimi nilikuwa nimehesabu kila kitu kwa ardhi ngumu. Mkondoa nao ulikuwa umehesabu kwa mchanga.

"Mzee, mashine haipiti hapa," kijana akasema.

Nikamweleza kwamba katika kukimbiza treni, mahali ambapo treni inavuka kwa daraja na wewe unavuka kwa goti ndipo weledi hupimwa. Nikavua viatu. Nikaweka kamera kichwani, nikashika kofia kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine, nikaingia. Maji yalikuwa ya kiasi cha magoti na rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa katikati wakati mbuzi kumi na kitu walipoamua kuvuka kutoka upande wa pili, wakiwa na mchungaji wao mdogo aliyeniamkia, "Shikamoo babu." Mimi si babu. Nikaitikia marahaba kwa sababu malezi ni malezi, na wakati naitikia, treni ikaingia darajani.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana katika historia ya taaluma yetu jambo hili halijaandikwa popote. Mabehewa yalipita juu yangu moja baada ya jingine, na katika kila dirisha kulikuwa na mkono, na katika kila mkono kulikuwa na simu. Walikuwa wananipiga picha. Mada ilimpiga picha mtafiti. Najua kwamba hivi sasa, kuanzia Tabora mpaka Kigoma, kuna nyumba ambazo ndani ya simu za watu nimo mimi, nimesimama mtoni kati ya mbuzi, viatu mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa yangu wala kunilipa. Mwanasheria wangu, ambaye bado sijampata, atalifuatilia.

Sasa tuone picha zenyewe. Zimeni taa. Kama hamna umeme, afadhali.

Hii ya kwanza ni matete. Wenye haraka wanasema hawaoni treni. Treni imo ndani. Matete ya kandokando ya Mkondoa huwa marefu kumpita mtu, na thamani ya picha hii ni kwamba unailazimisha akili ifanye kazi. Ya pili ni mkia wa behewa la mwisho. Wapiga picha wa kawaida hung'ang'ania kichwa cha treni kana kwamba treni ni bwana harusi. Mimi ndiye niliyeleta heshima kwa mkia. Ya tatu ni mbuzi. Turner alipata sungura. Ya nne imefifia, na naomba msiseme mkono ulitetemeka. Fanyeni hesabu: treni ikienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde inasogea mita 11. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, treni imekwisha kusogea sentimita 18 hivi kabla haijafunga. Wanaotaka namba ya behewa isomeke hufungua kwa sehemu moja ya mia tano au fupi zaidi, au huizungusha kamera polepole pamoja na treni, ili treni itulie na miti ndiyo ifutike. Mimi niliizungusha. Ila niliizungusha kwa mbuzi, ndiyo maana mbuzi katulia.

Ya tano ni kidole gumba. Tuendelee.

Siwezi kumaliza bila kuigusa reli mpya, maana vijana wananiuliza. Tangu katikati ya 2024 treni za umeme za abiria zimeanza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma kupitia Morogoro, juu ya reli ya upana wa milimita 1,435. Wahandisi wake, tofauti na Wajerumani, walipofika maeneo ya Kilosa waliuangalia mto usoni wakaogopa, wakapandisha njia yao juu, wakajenga madaraja marefu na kutoboa milima kwa mahandaki. Kwa abiria ni neema. Mkondoa ukifurika, waangalie chini wakinywa soda. Kwa taaluma yangu ni hujuma. Kwanza hakuna moshi, na nyaya zinakatiza mbingu. Pili, kwa kilomita 160 kwa saa treni hiyo hula mita 44 kwa sekunde moja. Ukipiga chafya umebaki na nguzo. Tatu, na hili ndilo linalonikera usiku, unailenga vizuri, umeshika pumzi, inaingia handakini. Ni tabia ya mtu anayedaiwa.

Ndiyo maana nasimama na reli ya zamani. Ile ya mita moja haina pa kujificha. Iko chini pale pale, bega kwa bega na mto unaotaka kuila, na kila masika watu wa genge hutoka na mawe, magunia na makoleo kuirudisha mahali pake, wengine wakilala huko huko kwenye tuta. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa genge hilo mahali gani pazuri pa kusimama ili nipate treni na mto kwa pamoja. Akaitazama kamera yangu, akautazama mto, akanionyesha sehemu fulani ya ukingo. "Pale," akasema, "ila usisimame leo. Patamegeka." Mimi nikamshukuru na kumwambia kwamba kwa mujibu wa hesabu zangu pako imara. Siku ya pili hapakuwepo. Hilo linathibitisha kwamba hesabu zangu zilikuwa sahihi kwa siku niliyozifanya.

Sasa yale ya fedha. Kozi ya kwanza kwa vitendo itakuwa kiangazi kijacho, Kilosa mjini, tukielekea juu ya mto mpaka tutakapochoka. Washiriki waje na maji, kofia, kandambili za kuvukia na nauli ya kurudi. Ya kwenda tutachangiana. Vyeti vipo, nimeshavisaini. Kila mshiriki atalipia beseni moja la machungwa kwa madhumuni ya utafiti. Maswali nitayapokea kwa maandishi tu, na yule kijana wa bodaboda aliyekaa mstari wa tatu, anayenyoosha mkono tangu nilipofika kwenye mbwa, naomba asipewe kipaza sauti. Anadai nauli.